Tarehe Tano, Mwezi wa Tisa

Barua ya mahakama ya uhamiaji ilisema 05/09, na Odilia Chacón hakuona haja ya kumuuliza mtu. Kwao Guatemala hata mtoto wa darasa la kwanza anajua: siku inatangulia, mwezi unafuata. Tarehe tano, mwezi wa tisa. Akaibandika kwenye friji, akaomba ruhusa mapema kiwandani kwao, kiwanda cha kuku, na siku ilipofika akapiga pasi blauzi nyeupe, akamsuka binti yake Yareli, akaenda mjini.

Alichotaka ni kimoja tu: jaji amruhusu abaki na Yareli, aliyezaliwa hapa Georgia, Marekani, na hajawahi kutia mguu kwingine.

Karani wa dirishani, aliyejua Kihispania, akatazama kompyuta, akatazama barua.

"Mama, ulitakiwa Mei. Tarehe tisa."

"Mei ndiyo mwezi wa tano."

"Ndiyo hiyo. Huku mwezi unaandikwa kwanza. Hukuja, na jaji ameshaamuru urudishwe kwenu."

Odilia akasema asante. Miaka kumi na mmoja anakata mapaja ya kuku katika nchi hii, na hakuna aliyewahi kumwambia. Kalenda yake ilikuwa zamu na Jumapili, basi. Machozi hayakuja. Aliyangoja kidogo pale kwenye benchi, kisha akaona basi litamwacha.

Akiwa njiani alimpigia simu Maritza, komadre wake, aliyemsimamia Yareli ubatizo. Maritza akamkuta jikoni, bado ana viatu vya kutokea.

"Watu wamefika mwezini," akasema Maritza, "kuandika jina la mwezi kumewashinda."

Odilia akamsogezea kiti.

"Komadre," Maritza akaendelea, "nimeongea na yule wakili wa kanisani. Kesi inaweza kufunguliwa upya, ukieleza ulivyokosea."

"Na wakinikamata kabla haijafunguliwa?"

Maritza akaketi. Wote wawili walimjua Nicanor wa zamu ya asubuhi, aliyechukuliwa na askari wa uhamiaji kwenye maegesho ya kiwanda, watoto wake wakamngoja shuleni mpaka mwalimu akachoka.

"Basi mtoto alale kwangu. Utamwona ukitoka kazini."

Odilia akakunja nguo za shule, akatia begini mswaki na dawa ya pumu ya kuvuta. Akamwonyesha Maritza namna ya kuitikisa. Yareli alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, nakwenda siku ngapi?"

"Chukua sweta," Odilia akasema. "Kwa mama yako wa ubatizo kiyoyozi hakizimwi."