Barua ya Posa na Alama ya Watibeti

Jamani, kisa hiki baba yangu mdogo hukisimulia kila penye pombe na hukisimulia vizuri kuliko mimi, lakini aibu ni yangu, kwa hiyo leo nitaitoa mwenyewe, mcheke weee mkichoka tuendelee na mengine.

Nilikuwa karani wa kuchapa katika ofisi moja ya kambi ya wakimbizi huku Ngara, miaka ile ya mwishomwisho ambapo malori yalikuwa yanawarudisha watu Burundi, na kila mwenye kibarua kambini alijua kwamba kambi ikiisha na kazi imeisha. Nilimpenda Konsolata wa Nyakahura, tena sana, na hofu yangu ilikuwa moja tu: nipose kabla sijawa mtu asiye na kazi, maana baba yake alikuwa na ng'ombe na mashamba, na mimi nilikuwa na kompyuta (ambayo hata haikuwa yangu).

Basi barua ya posa nikaichapa badala ya kuiandika kwa mkono, ili wakwe waone wanampa mtu gani. Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini ndani ya kompyuta ile mlikuwa na jedwali la herufi za mataifa mengi, na kwenye safu ya Watibeti, watu wa milimani huko upande wa China, nikaona alama kama msalaba uliolala, una nukta nne kwenye pembe zake, nzuri ajabu. Nikaiweka kila upande wa jina la Konsolata, nikaiweka na kwa baba yake, halafu (sijui nilipatwa na nini) nikazungushia ukurasa mzima.

Printa ya ofisini haikuwa na wino, nikaipeleka barua kwenye flashi hadi steshenari moja ya Ngara mjini, na kwa kuwa gari lenye baba mdogo na wazee wetu wa Murukulazo lilikuwa linapiga honi nje, dada wa pale akachapisha, akakunja, akatia kwenye bahasha, akagundisha, nami nikakimbia bila kutazama.

Nyakahura tulipokewa vizuri, shikamoo na marahaba zikazunguka sebule nzima, rubisi yetu, pombe ya ndizi, ikawekwa mbele. Msemaji wao, Mzee Simeo, akafungua bahasha, akavaa miwani, akaigeuza barua juu chini.

"Wageni," akasema, "mbona binti yetu mmemweka katikati ya visanduku vitupu?"

Nikanyoosha shingo kuchungulia. Kila nilipoweka alama palikuwa na kisanduku kitupu, ukurasa mzima. Kwa desturi mposaji hasemi, husemewa, na baba mdogo alikuwa ameshakohoa tayari kuanza, lakini mimi na usomi wangu nikasimama.

"Wazee, kompyuta haihifadhi mchoro, inahifadhi namba ya mchoro. Ile ya mjini imeiona namba, ila picha yake haina, ndiyo maana imeweka kisanduku. Namba ipo, wazee, picha tu ndiyo haipo."

"Tumeelewa," akasema Mzee Simeo. "Yaani mahari ipo, ng'ombe tu ndio hawapo."

Sebule nzima ikaangua kicheko, hata baba mdogo, msaliti yule, alicheka mpaka akashika mbavu. Asiyecheka alikuwa baba yake Konsolata.

"Mwanangu," akaniuliza polepole, "hiyo alama ingetokea, ingetuambia nini?"

"Sijui, mzee. Niliiona nzuri tu."

"Hukumuuliza mtu?"

"Hapana, mzee."

"Basi umembandika binti yangu kitu usichokijua. Nendeni. Mtarudi tukishavuna."

Tukaondoka. Rubisi ikabaki.

Kabla ya mavuno ofisi yetu ikafungwa. Nikaandika barua ya pili kwa mkono, mistari inapanda na kushuka, na humo nikasema wazi kwamba sina kazi tena, nalima maharage na mama yangu Murukulazo, na bado namtaka Konsolata. Niliipeleka pamoja na baba mdogo, nikiwa nimeshakata tamaa. Safari hii baba yake hakumwachia msemaji, aliisoma mwenyewe mpaka mwisho, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Hii nimeielewa yote," akasema, akamwita binti yake aje kutusalimia.

Nikaapa palepale kutoweka tena rembo nisilolijua. Mpaka leo, maana siku hizi nachapa kadi za watu, mtu akiniletea kadi ya harusi nimrembeshee, namuuliza kwanza hilo rembo linasema nini, na wengi huichukua kadi yao wakaenda kwa mwingine.