Mahindi Yangu Yalipita Maabara, Nyumbani Mbwa Akafa

Mbwa wetu alikufa mlangoni pa jikoni, povu mdomoni. Kabla hata hajazikwa, familia ilikuwa imeshaamua ni nani amemuua.

Walisema ni Makandi.

Makandi ni mke wa kaka yangu Elphas. Ametoka Muthara, Meru, akaolewa kwetu huku Mbeere, na yeye ndiye anayepika. Elphas anafanya kazi Mwea, haji nyumbani mara nyingi. Kwa hivyo huyo dada alikuwa peke yake, na watu wa kwetu wakianza kunong'ona, woi, wewe omba Mungu tu.

Baada ya mbwa, wakafa kuku. Halafu ndugu yangu mdogo, Munyi, akaanza kutapika. Macho yake yakageuka manjano.

Mimi nilikuwa Nchiru, mwaka wa kwanza chuoni, nasomea uhandisi wa kibayolojia. Habari zote zilinifikia kwa simu.

"Huyu msichana anatumaliza," Mama akalia. "Na unajua nini? Ugali anatupakulia, yeye mwenyewe hagusi! Anakula ndengu na ndizi."

Kwetu, mtu akikataa kula alichopika mwenyewe, kesi imeisha: ni mchawi.

Wiki hiyo hiyo tukawa na somo letu la kwanza la maabara. Daktari Ednah, mwalimu wetu, alikuwa amesema kila mtu alete mahindi ya kwao. Mimi sikuhangaika. Mama alikuwa amenijazia mfuko mzima nikija chuo.

Tukavaa makoti meupe, tukaanza kujiona. Oscar, jamaa wa Githongo asiyenyamaza, hata alikuwa anajipiga picha.

"Kuna kuvu inaota kwenye mahindi yasiyokauka vizuri," Daktari akasema. "Inatoa sumu. Ukiosha haitoki. Ukipika haitoki."

Akavunjavunja punje zetu, akafunga mapazia, akawasha taa ya zambarau inayofanya penye hiyo kuvu pang'ae.

Za Oscar zikang'aa kijani-manjano kwenye giza. Oscar akauliza kwa sauti ndogo, "Daktari, na vile tulikula hizi juzi?"

Hakuna aliyecheka.

Zangu je? Hakuna hata moja iliyong'aa.

"Rwamba, yako hayajaonyesha dalili," Daktari akasema. "Lakini msikimbilie kusema..."

Sikusikia mengine. Nilikuwa nimeshajipenyeza nje, simu sikioni.

"Baba, nimepima mahindi yetu kwa maabara. Ni safi kabisa. Chakula hakina shida."



"Basi amebaki mtu," Baba akasema. "Asante, mwanangu. Kesho wazee wanakuja. Na vijana wa soko wamesema wazee wakichelewa, watamtoa wao wenyewe."

Aki niliskia baridi mchana. Vijana wa soko letu wakisema watamtoa mtu, hawamaanishi kumsindikiza.

Nikarudi ndani. Daktari alikuwa ananingoja mezani pangu.

"Haya mahindi yalichotwa wapi kwenye gunia? Juu, katikati, chini?"

"Sijui, Daktari. Mama ndiye alinifungia."

"Alichota tu, ama alichagua?"

Nikampigia Mama palepale.

"Nilikuchagulia!" akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha kidogo. "Moja moja, kwa uteo. Mtoto wa chuo utakulaje mahindi meusi?"

"Na hayo meusi mlipeleka wapi?"

"Si tuliosha tukasaga. Mengine tukapea mbwa na kuku. Unataka tumwage chakula na hii njaa yote?"



"Mama, msile hiyo unga! Mpelekeni Munyi hospitali leo!"

"Hospitali ya nini, na mtoto amerogwa? Wewe mwenyewe umesema mahindi ni safi. Baba yako ashaambia kila mtu."

Daktari alisikia yote. Akachomoa taa ndogo ya mkono ya zambarau kwenye droo, akanipa bila kuuliza. "Kimbia," akasema.

Nilifika nyumbani kesho yake asubuhi, wazee wakiwa wameshakaa, kila mmoja na kikombe cha uji wa Mama. Makandi alikuwa ameketi chini kando ya ua, sanduku lake limetupwa pembeni. Nyuma yake walisimama vijana wa soko. Mmoja alikuwa na mtungi wa petroli.

"Rwamba," Makandi akaniambia, midomo imekauka. "Niliwaambia mahindi yananuka. Wakasema nadharau chakula chao. Nina mimba, hii harufu tumbo langu haikubali."

Nikawavuta Baba, Mama na wazee wawili hadi ghalani. Nikafunga mlango. Nikavunja punje za gunia kwa jiwe, nikawasha taa.

Zikang'aa, mpaka zile zilizomwagika sakafuni.

"Uchawi!" mzee mmoja akapiga kelele. "Mmeona? Ameuweka mpaka ghalani!"

Nje nikasikia vijana wakianza kusogea.

Nikatoa mahindi yangu mfukoni, nikayaponda kando ya yale. Hayakung'aa hata kidogo.

"Mama, haya ni ya nani?"

Akainama, akayashika. "Ni yako. Ni yale nilikuchagulia." Akatazama gunia. Halafu akatazama mikono yake kwa muda mrefu. "Rwamba, kwani... ni mimi?"

Nilitaka kumwambia hapana. Nikazima taa.

Baba akafungua mlango, akawaambia wale vijana waweke mtungi chini, sumu iko kwenye mahindi yetu. Mzee mmoja nje akauliza, "Na hii uji imepikwa na unga gani?"

Vikombe vikaanza kushushwa chini kimoja kimoja. Vingi vilikuwa vitupu.

Makandi akainuka. Hata hakutazama sanduku lake. Aliingia nyumbani, akatoka na Munyi mgongoni, akashika njia ya hospitali. Wale waliokuja kumfukuza wakamfuata nyuma, kila mtu ameshika tumbo lake.

Naandika haya nikiwa kwenye benchi la wodi. Munyi bado macho ni ya manjano, na madaktari hawajaniahidi kitu. Makandi ndiye anayemlisha, kwa sababu mtoto anakubali chakula kutoka kwake peke yake.

Wewe unayesoma, kabla hujasema kitu ni safi, uliza kwanza nani alikuchagulia. Halafu uliza yaliyobaki yaliliwa na nani.