Ramani Nyekundu ya Kinoo

Wakati huo nilikuwa kwenye duka la uchapishaji River Road, kazi nyingine tu kati ya nyingi nilizopitia tangu niache shule. Kamati ya maji ya mtaa mmoja wa Kinoo ilichapisha kwetu ramani kubwa ya rangi, nami nikatumwa kuipeleka. Niliibandika kwenye lango la ploti moja ya nyumba za kupangisha, nikaacha ngazi hapo, nikaenda kunywa chai. Niliporudi kuchukua ngazi yangu nilisikia nyundo.

Fundi alikuwa juu ya paa aking'oa mabati. Chini, mwenye ploti, bibi mfupi mwenye kofia ya sufu, aliyapokea na kuyapanga. Wapangaji walikuwa uani na magodoro yao. Mmoja wao, mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, alikuwa akitazama mawingu.

"Shosho, kuna nini?" nikamwuliza yule bibi.

"Unaniuliza na ni wewe ulileta hiyo karatasi? Nyumba yangu imewekwa nyekundu. Sitangoja tingatinga ikule mabati yangu."

Hapo nikaelewa. Mjini kwetu nyekundu ya ukutani ni moja: ile X inayotangulia ubomoaji. Anayengoja hupoteza hata paa.

"Hii si ya kubomoa. Ni ya maji."

"Hata kule walikobomolea watu barabara ya baipasi walisema hivyo," mpangaji mmoja akadakia. "Wewe umetumwa na nani, buda?"

Wanaume wawili wakanisogelea. Pembeni mwa ramani kulikuwa na maelezo kwa herufi ndogo, lakini siku hiyo hakuna ambaye angeamini maandishi. Mimi mwenyewe, dukani, niliielewa tu baada ya kutafuta mahali ninapopajua.

"Shosho, wacha kwako kwanza. Nionyeshe kanisa."

Kidole chake kikafuata barabara kuu, kikapotea, kikarudi. "Ni hapa. Bluu."

"Na bomba la kanisa?"

"Halijawahi kauka. Si huko ndiyo sisi huenda na mitungi?"

"Sasa tafuta kwa yule mama wa mboga niliyempita kule juu."

Kidole kikapanda. "Nyekundu." Akanigeukia. "Huyo hununua maji ya mkokoteni."

"Na kwa kinyozi, hapa katikati?"

"Njano," akasema mwanamke mwenye mtoto. "Yake huja siku zingine, zingine hakuna."

Bati likaanguka uani kwa kishindo, sote tukaruka.

"Wewe huko juu, ngoja!" bibi akafoka. Akaenda kwenye bomba lake, akalifungua. Likakoroma hewa tupu. Akarudi polepole.

"Kwa hivyo nyekundu ni mahali maji hayafiki."

"Ndiyo. Kamati inatafuta pa kuanzia kuvuta mabomba."

"Na wakikuja kuchimba, watapitia wapi? Kwa nyumba yangu?"

Niliitazama ramani tena. "Hiyo haionyeshi, shosho."

Matone ya kwanza yakagonga mabati yaliyokuwa chini. Mtoto akaanza kulia. Bibi alimtazama, akaitazama ramani, kisha akainua bati moja na kumpelekea fundi.

"Rudisha," akasema. "Lakini misumari usiikaze sana."