Viinitete na Marashi Yangu ya Ng'ambo

Walisema diploma haitoshi. Kukuza viinitete vya binadamu, walisema, ni kazi ya wazungu wenye majengo ya vioo, si ya mtu aliyezaliwa kando ya migodi ya Masara. Binamu yangu, mchimba dhahabu, alinicheka mbele ya shangazi zetu wote: "Omera, ndugu yangu, kuku walikushinda, sasa utaweza watoto ya watu?"

Nilienda ng'ambo, nikasoma, nikarudi na diploma yangu, nikaanzisha maabara katika kliniki ndogo mjini Homa Bay. Bado naitamani ile miezi ya kwanza: chumba kimoja, inkubeta moja, na kila asubuhi mimi barabarani nimenyooka, suti imepigwa pasi, marashi ya ng'ambo yakinitangulia. Kwetu, aliyerudi kutoka nje bila kunukia huonekana kama aliyefukuzwa. Watu waliniita daktari, nami sikumsahihisha yeyote.

Lakini viinitete havikunitii. Siku ya pili vilikuwa safi. Siku ya tatu vikaacha kukua. Mama mmoja mchuuzi wa samaki kutoka kisiwa cha Mfangano alipoteza vyote vinne. Aliporudi kujaribu tena, aliniambia kwamba hii ingekuwa mara ya mwisho. Mumewe alikuwa ameshachoka.

Nilipima joto upya, nikabadilisha maji ya lishe, nikapunguza kufungua mlango wa inkubeta. Nikapiga marufuku hata polishi ya sakafu kwa sababu ya harufu yake. Mama wa usafi akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye ndoo yake: "Daktari, yangu umekataza. Na hiyo yako, nani atakukataza?"

Alimaanisha marashi yangu. Nilikuwa nikibadilisha nguo mlangoni na kudhani inatosha. Darasani tulifundishwa kwamba mvuke wa manukato hupenya hadi kwenye kisahani cha viinitete, ila kule hewa ilichujwa. Hapa ilikuwa ile ile niliyoingia nayo. Chupa ya marashi nikampa binamu yangu. Nikaanza kuoga kwa sabuni isiyo na harufu, na kwa mikono yangu mwenyewe nikatengeneza kichujio cha hewa cha mkaa, kitu ambacho hakuna aliyenifundisha.

Siku ya tano, viinitete viwili vipya vya yule mama vilikuwa vimekomaa, vya mviringo, tayari kuwekwa tumboni. Nilimpigia simu. Alikuwa ufuoni akipima omena, dagaa wa ziwani, kwa kopo la gorogoro.

"Vimefika," nilimwambia. "Viwili. Njoo leo."

Nikamsikia akimwambia jirani yake, "Nishikie hii gorogoro. Naenda Homa Bay."