Wifi yangu alijua ugonjwa wa mwanangu kabla ya majibu, sababu ya browser niliyowekewa na fundi simu

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo.

Nina hasira na nimeamua niimwage hapa. Sina faida ya kutunga. Atakayeona ni chai, apite.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, ana miezi kumi. Niko Dodoma mjini, nashona nyumbani. Nimeishia form four, IT sijasomea, wataalamu mkinicheka chekeni kimyakimya.

Simu yangu ni ya GB 16, ukipakua kitu kizito inaganda. Mume wangu aliinunua siku moja na ya dada yake, yaani wifi yangu, duka moja. Fundi wa pale akatuwekea kila kitu, browser mpaka WhatsApp. Huku kwetu ndo kawaida, email anafungua fundi, wewe unapokea simu ikiwa tayari. Password hata sikuuliza.

Shikeni hapo.

Mwezi uliopita mwanangu aliamka vidole vimevimba, mikono na miguu. Ukimgusa analia. Vikapona, vikavimba tena.

Nikaanza kusearch. Zikaja habari za selimundu, ndo hiyo sikoseli. Nikaandika: "selimundu inarithiwa kwa mama au baba". Niliandika nimejifungia chooni, jamani. Mume wangu nilimwambia tu twende hospitali ya Mvumi mtoto akapimwe damu, sikumwambia nahofia nini.

Tukapimisha, tukaambiwa majibu tusubiri.

Siku ya tatu niko kwenye cherehani, group la familia ya mume likalia. Wifi kaandika:

"Jamani, hivi selimundu inarithiwa kwa mama au baba? Kuna mtu humu anatafuta jibu 😂😂"

Maneno yangu. Neno kwa neno.

Gauni la mteja nilishona mkono na kiuno pamoja.

Mama mkwe yuko Bahi. Yeye hakuandika, alimpigia mwanawe, na sauti yake haihitaji loudspeaker: "Kwetu hakuna ugonjwa wa damu! Muulize huyo mwenzio. Kama ndo hivyo arudi kwao Kongwa na mtoto wake, wakatibiane huko."

Mtoto wake. Miezi kumi alikuwa "mjukuu wangu", siku hiyo akawa mtoto wake.

Mume wangu akaniangalia. "Umemwambia dada?"

"Si umemwambia wewe?"

"Ningemwambia nini, na mimi mwenyewe hukuniambia?"

Siku nzima hatukuongea zaidi ya "chakula tayari".

Kesho yake nikaenda kwa fundi, mtoto mgongoni.

"Dada, punguza sauti, kuna wateja."

"Sipunguzi! Nani anasoma simu yangu?"

Akabonyeza settings, akacheka kidogo. "Hakuna anayesoma. Shemeji alikuja na simu mbili, nikafungua email moja ya familia. Kurahisisha. Sasa browser iko logged in kote kote, ukisearch huku, kule mtu akianza kuandika inamletea."

Kurahisisha!!

"Na za kule zinakuja huku?"

"Zinakuja. Fungua history."

Wakuu, history sikuwahi kuifungua tangu ninunuliwe simu. Za wifi zote zilikuwemo. Nilichokiona sitakisema hapa, msiniulize. Niseme tu kuna swali moja kauliza mara nyingi, kila mara kwa maneno mengine, kama mtu anayeogopa jibu.

Vidole viliniwasha. Nilipiga screenshot. Group nilishafungua, bado kubonyeza tu, na mama mkwe yumo.

Nikalisoma lile swali tena. Naye alisearch akiwa amejifungia chooni, naapa.

Nikafuta.

Nikachukua bodaboda mpaka kwake. Sikukaa. Nikampa simu, history iko wazi. "Wifi, email yetu ni moja. Soma."

Alisoma, akakaa chini pale pale mlangoni. "Umemwonyesha nani?"

"Mimi sio wewe."

Nikaondoka. Na msinipigie makofi, sijamsamehe.

Nyumbani nikaanza na simu. Namba zote nikazinakili kwenye daftari la vipimo vya wateja, ndo nikaitoa ile email. Nikafungua yangu, password yangu.

Browser ya kwanza niliyopakua ilijiita nyepesi. Kufungua tu inaomba contacts, location na mic. Contacts zangu unataka ya nini, unamjua shangazi yangu? Nikaitoa. Ya pili ilikuwa nzuri ila nzito, simu ikaganda mpaka nikaizima. Ya tatu ndo ninayo: MB chache, hailazimishi ku-log in, inazuia matangazo, na ukiifunga inafuta history yenyewe.

Nikaijaribu. Nikaandika "selimundu", nikafunga, nikafungua. Nyeupe. Nilikaa naitazama ile nyeupe kama mjinga.

Jina silitaji, nisiambiwe nimelipwa. Ila mjue, inaficha kwa watu wa nyumbani na inapunguza wanaokufuatilia mtandaoni. Website unayoingia na mtandao wako wa simu bado wanaona. Msije mkajiachia.

Majibu yalitoka. Mwanangu anayo.

Nesi akatueleza kwamba mtoto haugui hivi mpaka achukue kwa wazazi wote wawili. Mume wangu akakunja mkono wa shati, akapimwa. Anaibeba bila kuugua, kama mimi. Akaandika kwenye group:

"Mtoto ana selimundu. Kapata kwangu na kwa mama yake, sawa kwa sawa. Mwenye swali anipigie mimi."

Siku ile hakuna aliyepiga. Jana mama mkwe kanipigia mimi, kauliza "mjukuu wangu anakula?" Nikajibu anakula.

Nilichojifunza: simu kuwa mkononi mwako sio kwamba ni yako. Na ile habari ilikuwa ya mwanangu, ya kusemwa na baba yake vile alivyoisema, sio ya kuchekewa kwa emoji.

Mnaojua browser nyepesi kuliko yangu, shusheni hapa chini. Wenye watoto wa selimundu pia, nielekezeni, bado mgeni.

Ila kabla hujacomment, nenda settings uangalie email iliyomo ni ya nani. Nakusubiri.