Vifuniko vya Emerensiana

Emerensiana alikuwa na adui mmoja tu duniani, ukungu. Katika pwani ya Lindi ukungu huota hata kwenye viatu vya kanisani, sembuse ndani ya chupa yenye rojo la sukari. Na chupa za namna hiyo ndizo zilizokuwa kazi yake. Kwenye maabara ya kituo cha mazao walikata vikonyo vya mihogo, vidogo kuliko punje ya mchele, wakavikuza ndani ya chupa hadi viwe miche isiyo na ugonjwa. Chupa zilizibwa kwa pamba, na kila wiki ukungu ulipenya katika mbili tatu. Emerensiana alizimwaga huku akinung'unika kama aliyeibiwa.

Mwaka wa tisini na sita alikuwa na sababu ya kuogopa zaidi. Ugonjwa wa michirizi ulikuwa umeozesha mihogo ya kijijini kwao, nje ya Mtama. Vikonyo vya Shemeji Subiri, mbegu yao inayoiva upesi jikoni, alivichukua mwenyewe shambani kwa mjomba wake Laurenti. Vilichipua katika chupa kumi na mbili, na mvua zikianza vilikuwa vimpe mjomba shamba jipya.

Zamani chupa zililetwa na shirika la umma. Shirika lilipokufa ikawa soko huria, kila mtu ajichagulie. Bwana Modesti, mkuu wa maabara, alikuwa anakwenda mafunzoni wiki nne, akamwachia Emerensiana kazi ya kununua. Nani angechagua vizuri kuliko yeye?

Dukani kwa Haruna zilikuwapo aina mbili. Moja ilikuwa na kifuniko kilichotobolewa katikati, tundu likazibwa kwa kitambaa chembamba cheupe. Nyingine ilikuwa ya kioo, kifuniko cha kukaza chenye mpira ndani. Haruna akazisifu zile za tundu, kwamba wa Dar es Salaam ndizo wanazozitaka. Emerensiana akacheka.

“Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,” alisema. “Mimi nitoke kituoni nije kununua tundu?”

Akachukua za kukaza. Akahamishia humo miche yote kumi na miwili, akafunga kwa nguvu za mikono yote miwili. Wiki mbili zikapita bila doa la ukungu, na furaha yake ilikuwa kubwa, maskini. Wiki ya tatu majani yakawa manjano, mashina yakalegea na kujaa maji kama mlenda. Akadhani ni uhaba wa mwanga, akazisogeza chupa dirishani. Kufungua hakufungua, maana kufungua ni kumkaribisha adui.

Modesti aliporudi alifungua moja, akanusa, akaketi. Akaeleza taratibu kwamba mmea nao unapumua, na kwamba pamba ile aliyoichukia ndiyo iliyokuwa ikipitisha hewa. Akakiri kwamba hakuwahi kumwambia. Walijaribu kuokoa miche yote. Hakuna hata mmoja uliosimama. Basi Modesti akamshauri waseme chupa zilikuwa feki. Siku zile nani asingeamini? Emerensiana aliona aibu hata kulisikia neno hilo. Kilichompa moyo ni kwamba vikonyo vinaweza kukatwa tena.

Ijumaa mjomba Laurenti akafika na gunia tupu la kubebea miche. Emerensiana akamwamkia, shikamoo ikitoka kwa shida, akamketisha kivulini.

“Mjomba, miche imekufa,” alisema. “Chupa zilikuwa nzima. Nilizichagua mimi, nikainyima hewa. Naomba nije shambani nikate vikonyo vingine.”

Laurenti akalikunja gunia magotini, akalikunja tena.

“Shamba gani, mwanangu? Bwana shamba alitwambia tung'oe yote tuchome, ugonjwa usibaki. Wenzangu walitaka kuficha miti michache, nikawakatalia. Niliwaambia mbegu yetu iko kwa Emerensiana, na huyo haharibikiwi na kitu.”