Nyumba ya Matofali Iliyokataliwa

Jumanne nilikaa kwenye benchi la komisionere mmoja wa hapa Goma, mtu wa kutafutia wengine nyumba, nikingoja zamu yangu. Mbele yangu walikuwa mume na mke, papa na mama wa makamo.

"Munigi kuko nyumba muzuri," komisionere akaanza.

Mama akanyoosha kidole upande wa volkano. "Kule moto ilishakula nyumba yetu ya kwanza."

"Basi Lac Vert, barabara ya Sake. Kuko hewa muzuri."

Papa akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani. "Huu ni wa nyumba yetu ya kule. Tuliiacha siku vita ilifika."

Komisionere akakuna kichwa, kisha akatabasamu kama mtu aliyebakiza karata nzuri. "Basi mtaa wa Katoyi, hapa mjini! Nyumba ya matofali, mama. Haitikisike."

Mama akamwangalia kwa huruma. "Ya matofali tutaibeba namna gani? Tutafutie ya mbao. Siku ya kukimbia tunang'oa misumari, tunapakia."

Nasikia kwingine watu wanachagua mtaa kwa sababu ya shule, au majirani. Sisi tunauliza nyumba inabomolewa kwa muda wa saa ngapi. Komisionere alifunga daftari lake, wale wawili wakaondoka, papa akarudi mbio kuchukua ufunguo wake.

Zamu yangu ikafika.

"Ile ya Katoyi bado haijapata mutu, muzee," komisionere akaniambia, bila kuniangalia. "Umesikia mwenyewe."

Nilikuwa nimesikia. Nyumba hiyo ninayotaka kuiacha niliijenga mwenyewe, kwa matofali, ili nisihame tena.